Gari Alilopewa Mtoto: Ni Hiba, Ni Ariya au Ni Mirathi?

Kila sifa njema ni ya Allah Subhanahu wa Taala, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wenye kufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu Waislamu, miongoni mwa masuala yanayowafikia maimamu na makadhi baada ya mazishi ni suala la gari. Mzee amefariki, ameacha mjane na watoto, wa kiume na wa kike. Uani limesimama gari ambalo kijana mkubwa amekuwa akiliendesha kwa miaka. Siku ya kuhesabu mali ya marehemu, kijana anasema: "Gari hili si la mirathi, baba alinipa mimi." Dada zake wanajibu: "Alikupa ulitumie, hakukupa liwe lako." Kadi ya gari bado ina jina la marehemu. Hakuna karatasi, wala hakuna aliyekuwapo siku hiyo ila baba na mwana, na mmoja wao yumo kaburini.

Huenda wote wawili wanasema kweli kwa kadiri walivyofahamu. Lakini sharia haihukumu kwa yaliyofahamika moyoni. Inatazama neno lililosemwa, namna mali ilivyokabidhiwa na ushahidi uliopo. Katika makala haya tutaeleza, Inshaallah, hukumu za kumpa jamaa gari, tukitegemea zaidi madhehebu ya Imamu Shafi'i ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, na tutataja kauli za maimamu wengine pale penye faida. Jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: zawadi ya gari haikamiliki kwa neno tu, na mzazi anayempa mtoto mmoja na kuwaacha wengine anapanda mbegu ya ugomvi utakaoota juu ya kaburi lake.

KIPANDO KATIKA SUNNA

Asije mtu akadhani kwamba fiqhi haina la kusema juu ya gari kwa kuwa halikuwapo zama za Mtume (s.a.w.). Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl, aya ya 8, amewataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo, kisha akabainisha kuwa huumba na vile tusivyovijua. Gari ni kipando, na hiba ya kipando ina mifano iliyo wazi katika hadithi sahihi.

Mfano wa kwanza ni wa Abdullah bin Umar (r.a.). Amepokea Bukhari kwamba Ibn Umar alikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), amepanda ngamia mkaidi wa baba yake, na ngamia yule akawa akiwatangulia watu huku Umar akimkemea na kumrudisha nyuma. Mtume (s.a.w.) akamtaka Umar amuuzie ngamia yule. Umar alitaka kumpa bure, lakini Mtume (s.a.w.) akashikilia auziwe, na Umar akamuuzia. Hapo hapo Mtume (s.a.w.) akamgeukia Ibn Umar akamwambia kuwa ngamia ni wake, amfanye atakalo. Zingatia mambo mawili: neno lilikuwa wazi, tena mbele ya watu, na mpewa alikuwa tayari ameshika hatamu.

Mfano wa pili ni wa Jabir bin Abdillah (r.a.). Ngamia wake alichoka njiani, Mtume (s.a.w.) akamnunua, na Jabir akashurutisha ampande mpaka Madina. Walipofika, Mtume (s.a.w.) akampa thamani yake kamili, kisha akamrudishia na ngamia. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Mfano wa tatu ni wa Umar (r.a.) mwenyewe. Alimtoa farasi katika njia ya Allah, na aliyepewa akamtunza vibaya. Umar akataka kumnunua, akidhani atauzwa kwa bei nafuu. Mtume (s.a.w.) akamkataza asimnunue hata kama angeuziwa kwa dirhamu moja, akamfananisha mwenye kurudi katika sadaka yake na mbwa anayerudia matapishi yake. Hii pia wameipokea Bukhari na Muslim.

ARIYA, HIBA NA WASIA

Ugomvi mwingi hutokana na kuchanganya mambo matatu ambayo kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni ariya, yaani kumwazima mtu kitu akitumie bure na kitu kibaki kuwa cha mwenyewe. Baba akimwambia mwanawe, "Chukua gari hili uwe unaendea kazini," hiyo ni ariya, hata akiliendesha kwa miaka kumi. Baba akifa, ariya inakatika na gari linaingia katika mirathi.

La pili ni hiba, nayo ni kummilikisha mtu mali bila badali, wakati wa uhai, kwa hiari ya mtoaji. "Nimekupa gari hili," au "Gari hili ni lako, nimekumilikisha," hayo ni maneno ya hiba.

La tatu ni wasia, nao ni utoaji uliofungamanishwa na mauti. Baba akisema, "Nikifa, gari hili ni la Zaydi," hakutoa hiba bali ameusia. Na Zaydi akiwa ni mrithi, wasia huo haupiti ila warithi wengine waridhie baada ya kifo, kwa hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah kwamba hakuna wasia kwa mrithi.

Na mwenye kusema, "Gari hili nimekupa muda wa uhai wako," huyo ametoa kile wanavyuoni wanachokiita umra. Kauli iliyo sahihi kwa Mashafi'i ni kuwa hiba inapita na gari linakuwa la mpewa, na baada yake la warithi wake, hata kama mtoaji ameshurutisha limrudie. Mwenye nia ya kuazima tu, na aseme kuwa anaazima.

MASHARTI YA MTOAJI NA YA GARI LENYEWE

Hiba ina nguzo: mtoaji, mpewa, kitu kinachotolewa na tamko la kutoa na kukubali. Mtoaji ni lazima awe baleghe, mwenye akili, mwenye kuruhusiwa kuitumia mali yake, na asiwe ametezwa nguvu. Ni lazima pia awe anakimiliki anachokitoa. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana katika zama zetu.

Magari mengi hununuliwa kwa mkopo, na kadi hubaki benki mpaka deni liishe. Gari la namna hiyo likiwa limewekwa rehani, mwenyewe hawezi kulitoa hiba bila idhini ya mwenye kushika rehani, kwa sababu haki ya mtu mwingine imefungamana nalo. Vivyo hivyo gari la ushirika: ndugu wawili walionunua gari pamoja, mmoja wao hawezi kulitoa lote, atatoa fungu lake tu. Na mume aliyenunua gari kwa pesa alizochangia mkewe, si haki yake kumpa mtoto wa mke mwingine kana kwamba ni lake peke yake.

Na mwenye madeni na atangulize kulipa madeni. Kutoa zawadi ya gari huku wenye haki zao wanabisha mlangoni si ukarimu, bali ni kuwapa watu mali ya watu.

KUKABIDHI NDIKO KUNAKOKAMILISHA HIBA

Hii ndiyo nukta kubwa ya makala haya. Kwa Imamu Shafi'i na Imamu Abu Hanifa, mpewa hakimiliki kitu cha hiba mpaka akikabidhiwe, na kwa Mashafi'i ni sharti akishike kwa idhini ya mtoaji. Neno peke yake ni ahadi iliyovaa nguo ya hiba. Mtoaji anaweza kughairi kabla ya kukabidhi. Kwa Imamu Malik hiba hulazimu kwa neno, na mtoaji aweza kulazimishwa kukabidhi. Lakini naye amesema: mtoaji akiendelea kushika mpaka akafa au akapatwa na maradhi ya mauti kabla mpewa hajapokea, hiba inabatilika. Kwa Imamu Ahmad, kitu kisichopimwa wala kupishiwa kimepokewa kwa riwaya mbili, na moja yao inakubaliana na kauli ya Shafi'i.

Dalili yenye nguvu ni kisa cha Abubakar Siddiq (r.a.), alichokipokea Imamu Malik katika Muwatta. Abubakar alimpa binti yake Aisha (r.a.) mavuno ya wasaki 20 za tende kutoka katika mali yake ya al-Ghaba. Aisha hakuyachuma wala hakuyachukua. Abubakar alipofikwa na mauti, mwaka wa 13 Hijria, alimwambia binti yake kwamba hakuna mtu anayependa awe na utajiri baada yake kuliko yeye, na kwamba lau angeyavuna na kuyachukua yangekuwa yake. Ama siku ile yalikwisha kuwa mali ya warithi, nao ni kaka zake wawili na dada zake wawili, basi wagawane kwa Kitabu cha Allah. Aisha akashangaa, kwani dada aliyemjua ni Asmaa tu. Abubakar akamjulisha kuwa mkewe, binti wa Kharija, ni mjamzito, na kwamba anaona atazaa mtoto wa kike. Akazaliwa Ummu Kulthum.

Tafakari, ndugu yangu. Mtoaji ni Siddiq, mpewa ni Mama wa Waumini, na neno la hiba halina shaka hata kidogo. Hata hivyo mali ilirudi kwa warithi, na haki ya mtoto ambaye bado yumo tumboni ikahifadhiwa. Ni nani kati yetu aliye mkweli zaidi kuliko Abubakar na Aisha hata adai gari ambalo hakukabidhiwa?

Imepokewa pia katika Muwatta kwamba Umar (r.a.) aliwalaumu watu wanaowapa watoto wao mali kisha wakaishikilia wenyewe. Mtoto akifa, baba husema: hii ni mali yangu, imo mkononi mwangu. Baba anapokaribia kufa, husema: ni ya mwanangu, nilikwisha kumpa. Umar akabainisha kwamba hiba ambayo mpewa hakuishika ni batili. Na Uthman (r.a.) amepokewa kwa upande wa mtoto mdogo asiyeweza kushika: baba akitangaza hiba na kuishuhudishia, inapita hata kama baba ndiye anayeisimamia. Basi anayemwandikia mtoto wake wa miaka mitano gari, na atangaze na aweke mashahidi. Toka hapo mapato ya gari hilo ni mali ya mtoto, na baba ni msimamizi tu.

Gari hukabidhiwaje? Kwa mujibu wa fiqhi, kitu kinachohamishika hukabidhiwa kwa kuhamishwa. Mtoaji anampa mpewa ufunguo kwa nia ya kummilikisha, na mpewa analiendesha na kuliondoa mikononi mwa mtoaji. Kijana ambaye gari lilikuwa tayari mikononi mwake kwa ariya, kisha baba akamwambia kuwa sasa ni lake, alishike kwa milki, huyo anafanana na Ibn Umar juu ya ngamia. Lakini baba aliyetamka hiba kisha akaendelea kuweka ufunguo mfukoni mwake, kuliendesha apendavyo, kupokea hesabu ya dereva kila jioni na kuliazima watu bila kumwuliza "mwenye gari", huyo hajakabidhi kitu.

Ama kadi ya usajili, yenyewe si nguzo ya hiba katika vitabu vya fiqhi. Jina likibadilishwa hali mtoaji hakukusudia kutoa, bali aliandikisha jina la mwanawe kwa kurahisisha mambo yake, hiyo si hiba. Na hiba iliyotimia kwa neno na kukabidhi haibatiliki kwa kuwa kadi haikubadilishwa. Lakini si jambo la kupuuzwa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa iliyoko Jeddah, katika kikao chake cha 6 cha Machi 1990, ilikubali kwamba kukabidhi kwaweza kuwa kwa hukumu, yaani kwa kumwachia mtu kitu na kumwezesha kukitumia, hata kama hakukishika kwa mkono, na kwamba namna ya kukabidhi hutofautiana kwa kufuata hali ya vitu na ada za watu. Katika ada ya leo, kubadilisha jina kwenye kadi ni alama kubwa ya kuachia milki. Tanzania Bara hufanywa kupitia Mamlaka ya Mapato (TRA), na Kenya kupitia NTSA. Sheria ya Barabara ya Kenya inamhesabu mwenye jina katika usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Likigonga mtu, atakayetafutwa kwanza ni mwenye jina. Basi mzazi asiyebadilisha kadi ameacha mlango wazi kwa warithi kugombana, na kwa mzigo wa ajali kumfuata yeye au mirathi yake.

Linalofungamana na hili ni gari linalotumwa kutoka mbali. Kijana yuko Muscat au London, amenunua gari Japani, ameliagiza lishushwe Mombasa au Dar es Salaam liwe zawadi ya mama yake. Meli ikiwa baharini, kijana akafariki. Kwa Mashafi'i, zawadi iliyotumwa haiwi ya mwenye kutumiwa mpaka imfikie yeye au wakala wake. Gari hilo ni la mirathi ya kijana, na mama atapata fungu lake kama mrithi. Lakini kama mama alimweka wakala wa forodha kwa niaba yake, na wakala akalipokea bandarini kwa idhini ya kijana alipokuwa hai na mwenye afya, kupokea kwa wakala ni kupokea kwa mama.

UADILIFU BAINA YA WATOTO

Tumekwisha kuona namna hiba inavyotimia. Lakini hiba iliyotimia yaweza kuwa na lawama mbele ya Allah.

An-Nu'man bin Bashir (r.a.) amesimulia kwamba baba yake alimpa mtumwa. Mama yake, Amra binti Rawaha, akakataa kuridhika mpaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Bashir akaenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akamwuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hicho. Akasema hapana. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha amche Allah na afanye uadilifu baina ya watoto wake, naye Bashir akairudisha hiba ile. Katika riwaya nyingine Mtume (s.a.w.) alikataa kuwa shahidi wa dhulma, na katika nyingine alimwambia amshuhudishe mtu mwingine. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kutokana na tofauti ya riwaya hizi wanavyuoni wamehitalifiana. Imamu Ahmad amesema kufanya uadilifu ni wajibu na kumpendelea mmoja bila sababu ni haramu. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Shafi'i wamesema ni sunna yenye kutiliwa mkazo na kupendelea ni makuruhu, lakini hiba inapita. Wameshika dalili, miongoni mwa nyingine, kwamba kitendo cha haramu kisingeruhusiwa kutafutiwa shahidi mwingine, na kwamba Abubakar alimpa Aisha peke yake. Wamehitalifiana pia katika namna ya uadilifu: Mashafi'i na wengi wengine wanasema mume na mke hupewa sawa, na Mahanbali wanasema hupewa kama katika mirathi.

Ndugu msomaji, asiyeona uzito wa hadithi hii kwa kuwa kwetu ni makuruhu na si haramu, na atazame aliyekataa kuwa shahidi ni nani. Na dhulma inayotendeka zaidi kwetu ni kwa mabinti. Kijana hupewa gari kwa kuwa "ndiye atakayeshika nyumba", na binti huambiwa kuwa ataolewa na mumewe atampa. Riziki ya mume wa binti si hiba ya baba yake. Si lazima kila mtoto apewe gari. Linalotakiwa ni kila mmoja apate kinacholingana: huyu gari, huyu kiwanja, huyu dhahabu au mtaji wa biashara, kwa thamani iliyo karibu. Asiye na uwezo wa kuwapa wote na amwazime mwenye haja kwa ariya iliyo wazi, gari libaki lake na watoto wote wajue hivyo.

Zipo sababu zinazomtoa mzazi katika lawama. Ibn Qudama katika al-Mughni ametaja haja, maradhi ya kudumu, upofu, wingi wa watoto wa mpewa na kushughulika na elimu. Mtoto mlemavu akinunuliwa gari la kumpeleka hospitali na chuoni, hilo liko karibu zaidi na matumizi ya lazima kuliko hiba, na matumizi hutolewa kwa kadiri ya haja. Hata hapo ni vyema baba awaeleze wengine sababu yake, kwani moyo ulioelezwa hupoa.

KURUDI KATIKA HIBA

Aliyekwisha kukabidhi hana ruhusa ya kurudi, isipokuwa mzazi kwa mwanawe. Hadithi ya Ibn Umar na Ibn Abbas (r.a.) waliyoipokea Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah imemvua baba katika katazo hilo. Mashafi'i wameingiza humo mama, babu na bibi. Sharti ni kuwa kitu kiwe bado kimo katika milki ya mtoto. Kijana akishaliuza gari au kuliweka wakfu, baba hana tena la kurejea. Na kijana akiwa amelifanya teksi akachuma, baba akilirejesha hurudi gari pekee. Pesa zilizochumwa ni za kijana.

Ruhusa hii si fimbo ya kuwatishia watoto. Faida yake kubwa ni kuwa mlango wa kurekebisha, kama alivyofanya Bashir: mzazi aliyempendelea mmoja aweza kuirudisha hiba ile, au kuwapa wengine mpaka wakalingana, maadamu yu hai. Akifa kabla ya kusawazisha, kwa kauli ya wanavyuoni wengi gari linabaki kwa aliyepewa, na hesabu ya baba iko kwa Mola wake.

Kaka aliyempa dada yake gari, mume aliyempa mkewe, na mtoto aliyempa mama yake, hao hawana ruhusa ya kurudi. Mume anayemnyang'anya mkewe ufunguo siku ya talaka, hali alimpa gari hiba na akamkabidhi, amechukua mali isiyo yake. Ama gari lililotajwa kuwa ni mahari, hilo si hiba bali ni haki ya mke kwa akdi ya ndoa. Akiachwa kabla ya kuingiliwa, nusu yake humrudia mume, ila mmoja wao asamehe, kama ilivyobainishwa katika Suratul Baqara, aya ya 237. Kwa hivyo siku ya kufunga ndoa isemwe wazi: hili ni mahari au ni zawadi?

ZAWADI YA KITANDANI

Mzee anapokuwa katika maradhi yanayohofiwa mauti, na kwayo akafa, hiba yake huchukua hukumu ya wasia. Akimpa asiye mrithi, hupita katika thuluthi ya mali, kwa hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.) iliyomwekea mpaka huo. Akimpa mrithi, hupita kwa ridhaa ya warithi wengine tu. Basi wale wanaompelekea mgonjwa mahututi karatasi ya kuhamisha gari ili aweke dole gumba wajue kwamba wino ule hauwaondolei ndugu zao haki.

JAWABU LA SUALA LA MWANZO

Sasa turudi kwa kijana na dada zake. Asili ni kuwa mali iliyothibiti kuwa ya marehemu ni ya mirathi, na mwenye kudai vingine ndiye anayetakiwa ushahidi. Kijana akileta mashahidi wawili waadilifu kwamba baba alimpa gari akiwa na afya yake, na akamkabidhi, gari ni lake hata kama kadi haikubadilishwa. Akiwa na shahidi mmoja, kwa Shafi'i, Malik na Ahmad anaapa pamoja na shahidi wake, kwa kuwa ni dai la mali. Akikosa ushahidi, warithi wanaomkanusha huapa kwamba hawajui kuwa baba yao alimpa, na gari hugawiwa. Mrithi anayekiri kuwa kijana alipewa, kukiri kwake kunamlazimu katika fungu lake mwenyewe.

Ikithibiti kuwa neno la hiba lilisemwa lakini gari halikukabidhiwa, kwa Mashafi'i warithi husimama mahali pa baba yao: wakitaka watamkabidhi, na wakitaka watazuia. Wakiridhia kwa kutimiza neno la baba yao, ni wema na ni kuunga udugu. Lakini ridhaa hiyo ni ya waliobaleghe na katika mafungu yao tu. Akiwapo mtoto mdogo, fungu lake haliguswi kwa ridhaa ya mama wala ya kaka, na Suratun Nisaa, aya ya 10, imetoa onyo kali kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma.

Wazazi wenye nia ya kumpa mtoto gari wanaweza kuyazuia yote haya kwa mambo machache. Toa ukiwa na afya, katika mali yako isiyo na deni la mtu. Tamka waziwazi kama ni ariya au ni hiba. Kabidhi ufunguo na uondoe mkono wako. Badilisha kadi na bima ziende kwa jina la mpewa. Andika karatasi fupi yenye tarehe na mashahidi wawili, kwani Mola wetu ametuamrisha kuandika deni, na hiba inayohofiwa kukanushwa nayo inafaa kuandikwa. Na juu ya yote, waite watoto wako wote, wa kiume na wa kike, uwaambie umempa nani nini, na ni kipi ulichowatengea wengine. Ikiwa huwezi kuyasema mbele yao maneno hayo, basi jiulize kwanza kama hiba hiyo ni ya uadilifu.

Tunamwomba Allah Subhanahu wa Taala atujaalie tuwe waadilifu katika nyumba zetu, na azilinde koo zetu na ugomvi wa mali. Wallahu a'alam.